Vita ya mkaa iko kwenye sufuria ya maharage

Picha hizi mmeshaziona. Meza imetandikwa kitambaa, mitungi ya gesi ya kilo 6 imepangwa safu, mgeni rasmi anamkabidhi mama mmoja mtungi na wote wawili wanatazama kamera. Taarifa inayofuata hutaja idadi ya mitungi iliyogawiwa au kuuzwa kwa ruzuku, kisha hesabu inahamia kwenye asilimia: tumefika wapi katika safari ya kuhakikisha asilimia 80 ya Watanzania wanatumia nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Sina ugomvi na mitungi, hata kwangu upo. Ninachobishia ni hesabu. Mtungi unatuambia kaya ina nini, hautuambii kaya hiyo inapika nini juu yake. Na mkaa, kwa jinsi ninavyousoma utafiti uliofanywa na watu wa fani mbalimbali, haukung'ang'ania kaya. Umeng'ang'ania vyakula, tena vichache tunavyovijua wote: maharage, makande, utumbo, supu ya kongoro. Tukianza na vyakula hivyo tutapunguza mkaa mwingi kwa fedha kidogo. Tukianza na mtungi tutapata kaya yenye mtungi na gunia la mkaa pembeni yake.

Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia ulizinduliwa Mei 2024, mwezi uleule ambao mkutano wa Paris kuhusu nishati ya kupikia Afrika, ambao Rais Samia Suluhu Hassan alikuwa mmoja wa wenyeviti wenza wake, ulitoa ahadi za dola bilioni 2.2. Kabla ya hapo taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 kwa siku zilikuwa zimeshaagizwa kuachana na kuni na mkaa. Wakala wa Nishati Vijijini wanauza mitungi kwa ruzuku. Kwa hiyo nia ipo, fedha zimeahidiwa na tarehe zimewekwa. Lakini ingia uani kwenye nyumba ya kupanga yoyote Dar es Salaam saa kumi na moja jioni. Gesi iko ndani, juu ya meza ndogo, bomba limefutwa vizuri. Hapo ndipo chai ya asubuhi hupikwa, mayai hukaangwa na kiporo hupashwa. Nje, karibu na karo, liko jiko la mkaa, na juu yake sufuria yenye mfuniko uliopinda, maharage yanatokota tangu saa nane. Mama mwenye jiko hajakosa kitu kwenye semina. Amegawa kazi: kinachoiva upesi kinakwenda kwenye gesi, kinachochukua muda kinakwenda nje.

Fizikia inasema mgawanyo huo una mantiki, na papo hapo inaonyesha mahali tunapopoteza. Kuchemsha lita moja ya maji kutoka nyuzi 25 hadi 100 kunahitaji nishati ndogo tu, chini ya sehemu moja ya kumi ya uniti moja ya umeme. Kuyageuza maji hayohayo yote kuwa mvuke kunahitaji zaidi ya mara 7 ya hapo. Na maji yakishafika nyuzi 100 hayapandi tena, uchochee moto hadi uchoke. Kwa hiyo sufuria la maharage linalotokota kwa fujo kwa muda wa saa tatu haliivi upesi kuliko lile linalochemka taratibu. Linachofanya ni kupasha hewa ya uani na kukulazimisha uongeze maji kila mara. Mbeya na Njombe ni kubaya zaidi, kwa sababu juu kule maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na maharage hayajali kwamba yanatokota, yanajali joto. Presha kuka inageuza kanuni hiyo: mfuniko uliobana unapandisha joto la maji hadi karibu nyuzi 120, mvuke hautoki, na ile ya umeme imefungwa kwa ukuta wa kuzuia joto na ina swichi inayojizima yenyewe joto likitosha. Nilipima kwangu kwa kusoma mita ya LUKU kabla na baada: nusu kilo ya maharage yaliyolowekwa usiku haikufikisha nusu uniti. Kwa bei ya kawaida ya Sh292 kwa uniti, ukijumlisha na kodi, haifiki Sh200. Mtaani kwangu hakuna kopo la mkaa la bei hiyo.

Hapa wahandisi wangependa tuishie. Tatizo limeisha, nunueni presha kuka. Lakini sufuria ina kitu kingine ndani yake zaidi ya maji, na kitu hicho kina wataalamu wake ambao sijawahi kuwaona wakikaribishwa kwenye kongamano la nishati. Watafiti wa mbegu za maharage wana kifaa chenye pini zenye uzito, mara nyingi 25, kila moja imesimama juu ya punje moja ndani ya maji yanayochemka. Punje ikilainika, pini inazama. Muda wa pini kuzama ndio muda wa kuiva. Kwa kifaa hicho wameonyesha kwamba aina mbalimbali za maharage, zikiwa zimelowekwa sawa na kuchemshwa sawa, zinatofautiana muda wa kuiva mara kadhaa. Wameonyesha pia kwamba maharage yaliyokaa muda mrefu kwenye ghala lenye joto na unyevu yanakuwa sugu. Hili halihitaji maabara kwa mtu yeyote aliyewahi kununua maharage ya msimu uliopita akayapika hadi usiku. Muuzaji wa sokoni anajua: maharage ya njano anayanadi kwa maneno "haya yanaiva haraka, hayali mkaa," na mteja anaongeza bei kidogo kwa sababu hiyo. Na bibi aliyetia magadi alikuwa anafanya kemia: magadi hulegeza ile gundi inayoshikilia chembe za punje. Mbegu inayoiva kwa nusu ya muda ni teknolojia ya nishati kama jiko lilivyo, tena mkulima anaipanda tena mwaka kesho bila ruzuku. Lakini mbegu iko wizara moja na mkaa uko wizara nyingine.

Sasa tuje kwenye hoja dhaifu kuliko zote, ambayo kwa bahati mbaya ndiyo inayosikika zaidi majukwaani: kwamba wananchi hawana elimu, au wameshikilia mazoea, na wakielimishwa wataacha mkaa. Nairobi ilipimwa vizuri. Wachumi Susanna Berkouwer na Joshua Dean, katika utafiti uliochapishwa 2022, waliwafuata watumiaji wa mkaa wapatao elfu moja na kuwapa nafasi ya kununua jiko banifu la dola 40 hivi. Jiko hilo lilipunguza matumizi ya mkaa kwa karibu asilimia 40, yaani akiba ya karibu dola 120 kwa mwaka, kiasi kinachokaribia kipato cha mwezi mzima kwa kaya hizo. Jiko linajilipa mara tatu ndani ya mwaka. Hata hivyo, kwa wastani, watu walikuwa tayari kulipa dola 12 tu. Mtu wa semina angesema: unaona, hawaelewi faida. Watafiti wakalijaribu hilo. Waliwafanya watu wakae na kuhesabu akiba yao wiki kwa wiki, wakaiandika, wakaikumbuka. Kiasi walichokuwa tayari kulipa hakikupanda. Kisha wakajaribu mkopo wa miezi michache, na kiasi hicho kikaongezeka maradufu. Faida walikuwa wanaielewa tangu mwanzo. Kilichokosekana kilikuwa dola 40 za mkupuo mmoja mikononi mwa mtu anayenunua mkaa kwa kopo.

Mkaa unauzwa kwa kopo, kwa ndoo, kwa fungu la leo. Gesi inauzwa kwa kilo 6 kwa mkupuo. Anayepata kipato cha siku hununua kwa siku, na hilo si ushamba, ni kupanga fedha. Ndiyo maana teknolojia iliyogusa uhalisia huu haikuwa jiko jipya bali mita: kampuni ya KopaGas, iliyoanzia Tanzania, iliweka kifaa kwenye mtungi kinachomruhusu mteja kulipia gesi kidogo kidogo kwa simu, na mwaka 2020 teknolojia hiyo ikanunuliwa na kampuni ya Circle Gas. Ukitaka mfano wa zamani zaidi, litazame jiko la udongo lililovikwa bati lililoenea Kenya kuanzia miaka ya 1980, wazo lake likiwa limechukuliwa kutoka Thailand. Mafundi wa jua kali walilinakili bila kuombwa na yeyote, likavuka mpaka, na leo liko kila soko la Afrika Mashariki. Lilipenya kwa sababu halikumtaka mpishi abadilishe chakula, sufuria wala namna ya kununua mkaa. Watu wanaolaumu mazoea wangejiuliza mazoea hayohayo yalimezaje jiko hilo kwa miaka michache tu.

Kuna hoja ya ladha, na hii siidharau. Ukiwa pwani, pilau halikamiliki mpaka umepalia makaa juu ya mfuniko, ili moto ushuke kutoka juu wakati wa chini umepunguzwa, kila punje ikauke peke yake. Gesi haina moto wa juu. Presha kuka ndiyo haifai kabisa, itakutolea bokoboko. Ndizi za kuchoma, mishikaki, mahindi ya barabarani, vyote vina haki yao kwenye mkaa na sidhani kama kuna mtu mwenye akili atakayevipiga vita. Lakini tuwe wakweli: pilau ni la Ijumaa au la shughuli, na makaa yake ni machache. Sijawahi kukutana na mtu aliyeonja maharage akaniambia haya yamepikwa kwa mkaa. Ladha ya maharage iko kwenye kitunguu, nazi na muda wa kuungwa. Kwa hiyo hoja ya ladha ina nguvu pale ambapo mkaa unaotumika ni kidogo, na inadhoofika pale ambapo mkaa unaotumika ni mwingi. Ukigawanya vyakula badala ya kugawanya watu, mgongano mkubwa kati ya utamaduni na sera unayeyuka wenyewe.

Pingamizi zito kwa hoja yangu linatoka kwa madaktari, na sitalipita kwa haraka. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulichangia vifo milioni 3.2 mwaka 2020. Lakini moshi haufanyi kazi kwa mstari ulionyooka: ukiwa kwenye moshi mwingi sana, kuupunguza nusu hakukupi nusu ya afya. Malawi, jaribio lililowahusisha watoto zaidi ya 10,000 na majiko banifu ya kuni halikupunguza nimonia. Matokeo yalitolewa 2017. Huko Orissa, India, Rema Hanna, Esther Duflo na Michael Greenstone walifuatilia majiko yenye bomba la moshi kwa miaka minne wakakuta moshi ulipungua mwaka wa kwanza, kisha majiko yakaharibika, hayakutengenezwa, na faida ikatoweka. Basi, daktari atasema, kuondoa maharage peke yake kwenye mkaa na kuacha mengine ni kucheza. Ama mkaa wote uondoke ama hakuna afya. Hoja hiyo ina uzito. Lakini tazama pia jaribio kubwa lililofanyika Guatemala, India, Peru na mashariki mwa Rwanda, ambako wanawake wajawazito 3,200 walishirikishwa na nusu yao wakapewa jiko la gesi na gesi ya bure kwa miezi 18. Waliitumia karibu kwa kila kitu, na moshi waliovuta ulipungua sana. Uzito wa watoto waliozaliwa haukutofautiana kwa kiwango cha maana, na nimonia kali kwa watoto haikupungua pia. Hata gesi tupu, ya bure, yenye utii wa hali ya juu, haikutoa kile mabango yanachoahidi. Pengine hewa ya kijiji kizima ilikuwa bado chafu, pengine miezi 18 ni michache. Ninachosoma hapo ni kwamba tusimuuzie mama gesi kwa ahadi ya kuzuia nimonia. Tumwambie kitu atakachokiona kesho: macho hayatawasha, sufuria halitakuwa na masizi, na saa tatu za jioni zitarudi mikononi mwake. Na kama saa zenyewe ndizo tunazozipigania, hakuna chakula chenye saa nyingi za moshi kuliko hivi vya kutokota.

Kuhesabu vifaa badala ya matumizi si kosa letu peke yetu. Dunia nzima ililipia. Miradi ya majiko imekuwa ikiziuzia kampuni za nje hati za hewa ukaa, yaani uthibitisho wa hewa ukaa iliyookolewa, na 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha uchambuzi ulioonyesha kwamba miradi waliyoichunguza ilikuwa imejihesabia hewa ukaa iliyookolewa zaidi ya mara 9 ya ile iliyostahili. Sababu ni kadhaa, lakini mojawapo ni hii tunayoizungumza: mradi ulidhani jiko lililogawiwa ni jiko linalotumika, na kwamba likitumika, lile la zamani limezimwa. Yeyote aliyewahi kuingia uani angewaambia. Kilichofuata ni kwamba wanunuzi wanazidi kuzihoji hati hizo, na wanaoumia ni hata wale waliopima kwa uaminifu.

Wapo wanaosema tuache porojo, mkaa upigwe marufuku. Kenya ilionja hilo 2018, pale ukataji miti kwenye misitu ya umma uliposimamishwa na kaunti ya Kitui ikazuia mkaa wake kusafirishwa. Bei ikaruka. Mwenye nacho akahamia kwenye gesi, asiye nacho akalipa zaidi kwa kopo lilelile. Siiti hiyo nishati safi.

Umeme nao una kisa chake. Bwawa la Julius Nyerere lina uwezo wa megawati 2,115, na maafisa wana kila sababu ya kutamani watu waupikie. Lakini kaya ndogo iliyo kwenye daraja la matumizi madogo inalipa Sh100 kwa uniti mradi isivuke uniti 75 kwa mwezi. Ukiiambia ipikie kila kitu kwa umeme, itavuka, na kinachozidi kitatozwa kwa bei kubwa. Sera mbili za serikali ileile zinavutana kamba. Sasa fanya hesabu ya chakula badala ya hesabu ya jiko. Maharage mara tatu kwa wiki, nusu uniti kila mara, ni uniti 6 au 7 kwa mwezi. Kaya inabaki ndani ya daraja lake, ugali unasongwa kwenye gesi kwa dakika kumi na tano, na gunia la mkaa ambalo lilikuwa linaisha kwa mwezi linafika miezi miwili au mitatu. Umeme ukikatika jioni? Hilo ndilo lalamiko la kwanza nitakalolipokea, na ni la haki. Ila maharage, tofauti na chai, hayana haraka: yanaweza kupikwa saa nne asubuhi na kuungwa usiku, na sufuria iliyobana ikikatikiwa umeme katikati huendelea kuivisha kwa joto lililobaki kwa muda mzuri. Bei ya kununulia presha kuka ndiyo ukuta halisi, na hapo tunarudi Nairobi: ni ukuta wa mkopo. Vikoba vipo, LUKU ipo kwenye kila simu, na kukata marejesho kidogo kidogo kwenye ununuzi wa umeme ni jambo ambalo mfumo uliopo unaweza kulibeba. Ruzuku inayokwenda kwenye mitungi, hata sehemu yake, ingeweza kuwa dhamana ya mikopo hiyo.

Ningeanza na swali la dodoso. Sensa na tafiti za kaya huuliza chanzo kikuu cha nishati ya kupikia, jibu moja kwa kaya moja, na mwenye mtungi atajibu gesi kwa sababu ndiyo ya heshima kuitaja. Ongeza swali la pili: mara ya mwisho mlipopika maharage, mlitumia nishati gani? Litachukua sekunde kumi za karani, na nina hakika ramani ya nchi itabadilika rangi.

Mama lishe wa kituo ninachopandia daladala ana mtungi mkubwa, wa chipsi na chai. Maharage yake yako kwenye jiko la mkaa nyuma ya banda, sufuria kubwa lililosugulika hadi limebonyea tumboni. Nilimsimulia habari za presha kuka ya umeme: umeme kidogo, dakika arobaini, hakuna kuchochea. Alinisikiliza hadi mwisho akiwa ameshika kipepeo.

"Kinaingia kilo ngapi, baba?"

Nikamwambia hivi vinavyouzwa madukani, vya lita sita, ni kilo moja, labda na kidogo.

"Mimi napika kilo nne kila alfajiri," akasema, akageukia jiko lake na kuendelea kupepea.